Nakuona kwa hio pete

Wiki hii kijana mmoja ninayemfunza kupiga picha za vito amenitumia picha 14 za hereni za brasi, fundi amezing'arisha mpaka basi, na kwa zote 14 namuona yeye mwenyewe, simu mkononi, nyuma yake balbu inawaka na mlango wa choo uko wazi. Nikamuuliza unaona nini hapo, akaniambia "shaini imetoka poa". Nikaenda kuchemsha chai kwanza. Sasa wacha niandike mara moja jinsi ya kupiga metali inayong'aa bila wewe na nyumba yako kuonekana ndani, nimechoka kurudia haya kwa inboksi ya kila mtu.

1. Zima stima. Balbu ya manjano iko kama 2700K (K ni kelvini, kipimo cha rangi ya mwangaza), mwangaza wa mchana unakaribia 5500K, na brasi itakuonyesha zote mbili kwa kipande kimoja.

2. Bandika tresing pepa kwa dirisha ndio mwangaza ulainike, ama lile pazia jeupe la plastiki la bafu. Neti yenye maua hapana, hayo maua nimewahi kuyahesabu kwa kijiko cha mtu. Manila nyeupe upande wa pili, halafu ukanda mwembamba wa karatasi nyeusi pembeni ndio ukingo wa bangili usimezwe na bakgraundi nyeupe.

3. Hii ya "tafuta dirisha la kaskazini" mnaitoa kwa video za Ulaya, na huko iko sawa kwa sababu jua lao la mchana linakaa upande wa kusini. Sisi wa Nairobi tuko digrii moja na kitu tu kusini mwa ikweta. Mwezi wa sita jua liko kaskazini na hilo dirisha lako linachomeka, ikifika Desemba limehamia kusini. Mimi huhamisha meza mara mbili kwa mwaka, watu wa nyumbani walishazoea. Na ile Julai ya Nairobi mnalalamikia, wingu limefunika kuanzia asubuhi mpaka mkiwasha jiko, hio ndio softiboksi (lile boksi la kulainisha taa) kubwa kuliko zote na hulipii hata bob. Pigeni kazi, wacheni kulala na masweta.

4. Angalia nguo unayovaa na kila kitu kiko nyuma yako. Hapa wacha nijiaibishe. Mwaka wangu wa kwanza mama mmoja mwenye duka mjini alinipa bangili 60 za silva, alikuwa anauzia watu wa ng'ambo. Mimi nilikuwa bedsita Kayole, chumba kimoja, na kama wengi wetu nilikuwa nimegawanya kitanda na pazia, la rangi ya machungwa iliyokolea, nimenunua Gikomba na najivunia. Meza iko dirishani, pazia liko nyuma yangu, na juu ya hayo nimevaa hudi nyekundu. Nikapiga zote 60. Kwa skrini bangili zikaonekana na joto fulani hivi, nikajiambia kumbe mimi ni msanii. Usiku nikaanza kushtuka, mbona silva ni kama kopa, nikavuta waiti balansi, ile ya kusawazisha rangi ya picha, kuelekea bluu, bangili ikakaa silva lakini kitambaa cheupe chini kikawa kama maji ya bluu ya kufulia. Nikarudisha. Nikavuta tena. Siku mbili sijalala vizuri, picha baada ya picha, mwishowe nikachoka nikapeleka hivyo hivyo nikalipwa.

Baada ya wiki tatu nikapigiwa simu. Wateja walikuwa wanaagiza "ile ya kopa", wanatumiwa silva, wanataka pesa zao. Nilipofika dukani mama hakupiga kelele, afadhali angepiga. Aliweka bangili kwa kaunta, simu kando yake, akavuta picha ikawa kubwa, akaniambia, "Kijana wangu, hii si pazia?" Na kweli mikunjo ilikuwa inaonekana, mmoja mmoja, hata pete za kuning'inizia. Nikarudia zote 60 bure, siku nne, nauli yangu, shuka nyeupe nimeifunga kutoka kwa kitanda mpaka kwa mlango na mimi nimevaa tisheti ya kijivu. Waiti balansi hurekebisha mwangaza unaoingia. Kile silva inakitazama haiwezi kukigusa.

5. Usinunue polaraiza, ile filta ya lenzi ya kukata mng'ao, kwa ajili ya silva. Kwa kioo na vanishi inasaidia, kwa metali tupu hela imeenda.

6. Tripodi, taima ya sekunde 2, ISO (wepesi wa kamera kwa mwangaza) 100, tundu la lenzi f/8 mpaka f/11 (namba ikipanda tundu linakuwa dogo). Wale wa kwenda f/22 "ndio kila kitu kiwe shapu", picha nzima inalainika, tumeongea hii. Na pangusa hio pete kwa kitambaa cha miwani kabla, si baada, alama ya kidole ukiipiga makro, yaani karibu sana, inakaa kama ramani.

7. Vitu vya mviringo kabisa, zile hereni za kigololi, vitaona chumba kizima na wewe ndani, hakuna pembe ya kujificha. Toboa manila tundu la lenzi, rudi nyuma, vuta kwa zumu, ubaki kidoa kidogo ambacho unaweza kufuta. Mimi kuna picha moja nilisahau kufuta. Mteja akaniandikia, anataka kujua hilo jiwe jeusi la katikati linaitwaje na kama tunaweza kumwekea kubwa kidogo.