Gemu za katuni za kubofya: ukikwama, usikimbilie YouTube

Mwekee kijana aliyezoea kibanda cha PlayStation gemu ya Wallace & Gromit's Grand Adventures, na baada ya dakika chache atakuuliza: sasa hapa nampiga nani? Humpigi mtu. Unatazama, unaongea na watu, unaokota vitu na kutafuta kipi kinatumika wapi. Gemu hii ilitolewa mwaka 2009 na kampuni ya Telltale Games ya Marekani, ikitokana na katuni za vinyago vya udongo za Nick Park wa studio ya Aardman ya Uingereza: Wallace, mzee mvumbuzi anayependa jibini, na Gromit, mbwa wake asiyesema neno ila ndiye mwenye akili mle ndani. Ina sehemu nne, kila moja na kisa chake.

Kwa vibanda vya Chikongola, Mtwara, au Lindi mjini haifai. Kule unalipia muda au mechi, na nusu ya gemu hii ni kukodoa macho ukifikiri. Icheze nyumbani.

Laptopu ya mtumba inatosha, kwa kuwa gemu ni ya zamani. Ikigoma kufunguka kwenye Windows mpya, bofya kulia ikoni yake, ingia Properties, kisha Compatibility, uchague Windows XP (Service Pack 3). Ikifunguka lakini inakatakata, shusha ukubwa wa picha kwenye mipangilio kabla ya kulaumu mashine. Na iweke mezani. Joto hili la pwani ukiliongezea godoro linaloziba matundu ya feni, mashine itapunguza kasi yenyewe.

Tatizo linalowachosha wengi ni la vidole. Mhusika anatembezwa kwa vitufe vya mishale au W, A, S, D, huku kubofya ni kazi ya kipanya. Laptopu nyingi huzima padi ya kugusa kwa muda mfupi kila unapobonyeza kitufe, ili kiganja kisisogeze mshale unapochapa. Matokeo yake unatembea, unataka kubofya mlango, mshale umeganda. Chomeka kipanya cha waya, yameisha. Huna? Ingia mipangilio ya padi kwenye Windows, pandisha unyeti wake hadi mwisho.

Washa pia maandishi ya chini. Wallace anaongea Kiingereza cha kaskazini mwa Uingereza, na hata aliyefaulu Kiingereza kidato cha nne utani mwingine utampita kwa kusikia tu.

Sasa kukwama. Utakwama, na karibu kila mara sababu ni moja kati ya mbili: kuna kitu hujakiona, au kuna mtu hujamaliza kuongea naye. Kwa hiyo ukiingia eneo jipya usiguse fumbo lolote. Pitisha mshale taratibu kutoka ukingo mmoja wa skrini hadi mwingine, uone unabadilika wapi. Kisha ongea na kila mtu mpaka aanze kurudia maneno. Sehemu ya kwanza, ambamo Wallace anafanya biashara ya asali na nyuki wake wanageuka majitu, watu wa mtaani wanataja shida zao mapema kabisa, na shida ya mtu ndiyo njia ya kupata kitu alichonacho. Tukio likishatokea, rudi kwa wale wale: huwa wana jipya. Unapomwongoza Gromit hali ni tofauti kidogo, maana yeye hahoji mtu. Hapo jaribu vitu ulivyobeba.

Kujaribu kila kitu kwa kila kitu ni uvivu, na kunaharibu utani. Afadhali upandishe kiwango cha vidokezo kwenye mipangilio, wahusika waanze kukudokeza wenyewe.

Seivu kila fumbo linapofunguka, hasa kama betri ya laptopu imechoka: umeme ukikatika, kilichopotea kimepotea. Ukishindwa kabisa, tafuta mwongozo wa maandishi, si video. Unasoma hatua moja, unafunga ukurasa, na bando linabaki kwa ajili ya kupakua sehemu ya pili.