Darubini nyepesi, jiwe zito: miezi miwili ya kulaumu gia

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa kijana mmoja wa Nanyuki. "Kaka, nimepata refrakta ndogo ya milimita 60 na maunti ya ikweta iliyotumika. Jiwe lake ni kilo tano. Nimelipandisha mpaka mwisho wa fimbo kule juu, bado linavuta. Jamaa wananiambia darubini ikiwa nyepesi balansi haina maneno. Ni kweli?"

Kwa wageni: refrakta ni darubini ya lenzi. Maunti ya ikweta ni kichwa cha stendi chenye mhimili unaozungushwa na mota ili darubini ifuate nyota. Jiwe ni chuma kinachokaa kwenye fimbo, upande wa pili wa mhimili, ili kuisawazisha darubini; ukilipandisha linakaribia mhimili, ukilishusha linakwenda mbali.

Nilicheka, halafu kicheko kikakauka. Hao jamaa ni mimi wa miaka miwili iliyopita.

Wanaonifahamu wanajua mkate wangu ni picha za harusi na send-off hapa Dodoma. Picha za nyota nilianza kama ulevi, na kama wapiga picha wote nilijiona nimeshafika kabla sijaanza. Kamera ninaijua. Lenzi ninazijua. Nikanunua darubini ya milimita 72 yenye urefu wa fokasi wa milimita 420, na maunti ambayo mwenye kuiuza alisema inabeba kilo 11. Mzigo wangu wote, kamera ikiwemo, ulikuwa kilo 2.9. Nikajiambia: lori la tani kumi limebebeshwa kikapu cha nyanya, balansi ya nini tena?

Basi Julai moja nikatoka nje ya mji, barabara ya Kondoa, usiku wa mwezi mwandamo. Baridi ya Dodoma ya Julai mnaijua, na upepo wake. Nilikuwa ninaitafuta M8, lile wingu la gesi kwenye kundi la nyota la Mshale, ambalo kwetu huku linapanda juu sana, nyuzi 72 hivi kutoka upeo wa macho. Picha za dakika mbili mbili. Kuanzia saa mbili kasorobo mpaka saa tano usiku kila kitu kilikwenda kama maji. Nyota duara, nikapiga na selfi. Nikarusha kwenye kundi la WhatsApp la wapenda nyota picha ya skrini ya kompyuta, na maneno ya kujisifu ambayo leo sitayarudia.

Saa tano na dakika kadhaa M8 ikavuka mstari wa kaskazini na kusini. Hapo maunti ya aina hii inabidi igeuke: darubini iliyokuwa upande wa magharibi inahamia mashariki, na jiwe linakwenda magharibi. Ikageuka vizuri, programu ikaitafuta M8 tena, kamera ikaendelea. Mimi nikaingia kwenye gari kulala.

Asubuhi nilifungua picha 71 za baada ya kugeuka. Nyota zote punje za mchele. Si moja, si mbili. Zote.

Nikauliza kwenye kundi. Mmoja, ambaye ndiye mkongwe pale, akajibu kwa mstari mmoja: "Rudi kwenye harusi." Watu wakaweka vicheko. Miaka miwili imepita na bado ninakumbuka ni wangapi: kumi na wanne.

Kwa hasira nikaamua maunti ni mbovu. Si ilifanya kazi upande mmoja ikakataa upande wa pili? Nikafungua kifuniko, nikakaza gia, nikalegeza, nikakaza tena, mpaka ikafika mahali inakwama kabisa na kulia kama mlango wa stoo. Miezi miwili ilikwenda hivyo. Kila mwezi mwandamo ninatoka, ninarudi na mchele. Niliwahi hata kufunga soksi yenye kilo moja ya misumari juu ya darubini ili ipate uzito wa kupigana na jiwe. Darubini ikilala upande, soksi inaning'inia. Ikisimama, soksi inagonga pipa. Msicheke sana, nina picha yake na sitaitoa.

Kilichonifumbua macho ni muuza samaki. Alipita mtaani na mzega begani, kapu moja limejaa, la pili limebaki nusu. Akaliinua bega, akausukuma mti kidogo, lile kapu jepesi likaenda mbali na bega lake na zito likasogea karibu. Hakupunguza samaki hata mmoja. Nikasimama pale na kamera ya harusi mkononi kama mtu aliyesahau njia.

Nikarudi nyumbani nikachukua futi. Katikati ya darubini mpaka kwenye mhimili: sentimita 20. Kilo 2.9 mara 20 ni 58. Jiwe la kilo tano, hata likipandishwa mpaka mwisho, katikati yake iko sentimita 16 kutoka kwenye mhimili. Tano mara 16 ni 80. Yaani hakuna mahali popote kwenye ile fimbo ambapo jiwe langu lingesawazika na darubini yangu. Hakuna. (Fimbo yenyewe nayo ina uzito, kwa hiyo hali ilikuwa mbaya kuliko hesabu.)

Na ule usiku wa Julai ukaeleweka. Nyota zinakwenda magharibi, na mota inausukuma mzigo magharibi kuzifuata. Kabla ya kugeuka, jiwe zito lilikuwa mashariki, kwa hiyo mota ilikuwa inapandisha mlima, meno ya gia yamebanana vizuri. Baada ya kugeuka jiwe likawa magharibi. Sasa mzigo unatangulia, gia zinashika breki badala ya kusukuma, na kila upepo ukipiga, meno yanaruka ile nafasi ndogo iliyopo kati yao. Maunti ilikuwa nzima. Mbovu nilikuwa mimi, na bisibisi yangu.

Kuna jambo jingine ambalo sikuliona kwenye maelezo ya Wazungu niliyokuwa ninayasoma usiku kucha, na si kosa lao, wao wanaishi kwao. Mhimili wa maunti unaelekezwa kwenye ncha ya anga, ile nukta ambayo nyota zote huonekana kuizunguka, na urefu wa ncha hiyo juu ya upeo ni sawa na latitudo yako. London mhimili umeinuka nyuzi 51 na nusu, kwa hiyo sehemu ya uzito uliozidi inabebwa na mhimili wenyewe. Kosa la balansi linafika kwenye gia kwa asilimia 62 tu. Dodoma tuko nyuzi 6 kusini. Mhimili umelala karibu kama mtu kitandani, na kosa lile lile linafika asilimia 99. Kwa hiyo mtu wa London akikuambia "mimi sibalansi kwa makini na picha zinatoka", mwamini, halafu wewe balansi.

Kijana wangu wa Nanyuki, wewe uko kwenye ikweta yenyewe. Kwako ni mia kwa mia.

Nifanyeje, mtaniuliza. Mimi nilikwenda kwa fundi wa kukereza vyuma, nikampa kipande cha kipenyo cha sentimita 9 na unene wa 5, akatoboa shimo la fimbo na tundu la skrubu ya kubania. Kilo 2.4. Jiwe sasa linakaa sentimita 24 kutoka kwenye mhimili, katikati ya fimbo, na lina nafasi ya kwenda juu na chini. Hiyo nafasi ndiyo ninayoitaka. Kabla ya kugeuka ninalishusha milimita chache ili upande wa mashariki uzidi kidogo. Baada ya kugeuka ninalipandisha, maana mashariki sasa kuna darubini. Kidogo tu. Ukizidisha umerudi kwenye ule usiku wa Julai.

Tatizo la mzigo mwepesi ni kwamba hauusikii. Ukilegeza klachi, kile kibanio cha mhimili, grisi ya ndani inashikilia, darubini inasimama popote unapoiacha na wewe unasema imebalansi. Haijabalansi, imenata. Laza fimbo iwe sawa na ardhi, uisukume kwa kidole juu, kisha chini, ulinganishe. Mimi siku hizi ninatumia ile mizani ndogo ya kupimia mabegi ya ndege: ninaifunga mwisho wa fimbo, ninavuta juu ninasoma gramu, ninavuta chini ninasoma gramu. Zikilingana nimemaliza.

Mhimili wa pili, ule ambao darubini inainamia mbele na nyuma, ulinitesa kwa sababu nyingine. Kamera ilikuwa nzito nyuma na reli ya chini ya darubini, ile inayobanwa kwenye maunti, ilikuwa fupi, sentimita 18, haikunipa pa kusogea mbele. Nikabadilisha nikaweka ya 33. Na balansi vitu vyote vikiwa kama vitakavyokuwa kazini: kifuniko kimetoka, kofia ya umande imevutwa, fokasi imeshapatikana, nyaya zimefungwa. Ukibalansi kwanza ukaweka kamera baadaye, hukubalansi. Nimeweka alama kwenye reli kwa rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, inaonekana hata kwa tochi. Aliuliza chupa imekwenda wapi. Sasa anajua.

Huku kwetu jiwe pia hugonga mguu wa stendi, kwa kuwa kichwa cha maunti kimeinama mno kusini. Geuza stendi miguu miwili iwe kusini na mmoja kaskazini, jiwe lipite katikati. Skeli ya latitudo ya maunti yangu haishuki chini ya nyuzi 10, kwa hiyo nimeweka ubao wa sentimita 6 chini ya mguu wa kaskazini ili nifike 6. Kwa Nanyuki ubao huo ungekuwa sentimita 15 hivi na stendi ingetaka kukuangukia. Tafuta fundi akutengenezee kabari ya chuma. Angalau wewe unachagua uelekee kaskazini au kusini, anga lote ni lako.

Siku hizi zipo maunti zenye gia za harmoniki ambazo kwa mzigo kama wetu hazitaki jiwe kabisa. Bei yake ni ya mtu mwingine.

Na tafadhali, vijana, acheni kuona aibu kupima. Fedheha yangu haikutoka kwenye futi, ilitoka kwenye kukataa kushika futi. Pima. Halafu pima tena baada ya kugeuka. Halafu ukiambiwa urudi kwenye harusi, rudi, ule pesa ya harusi, ununue reli ndefu.

Mei mwaka huu nilipiga Omega Centauri, lile rundo la mamilioni ya nyota, kuanzia saa mbili na nusu, na saa tano kasorobo, ilipofika juu kabisa, maunti ikageuka. Sikulala garini safari hii, nilikaa nimejifunika kitenge nikitazama picha moja moja zikiingia. Nyota duara. Nimeichapisha kubwa na kuitundika studio, katikati ya maharusi. Juzi mama mmoja aliyekuja kulipia send-off ya binti yake aliitazama kwa muda mrefu, akaniuliza kwa nini nimepiga picha chumvi iliyomwagika.