Kutia rangi sehemu moja tu kwenye picha nyeusi na nyeupe

Hapa Dodoma watu wanaleta sana picha za zamani zile nyeusi na nyeupe, na ombi ni lilelile, nitilie rangi kanga ya bibi tu kwingine paache. Mi hizo kazi nazipenda, maana ukipaka picha nzima inaishia kuwa kama bango la saluni, ila ukigusa kitu kimoja jicho linaenda palepale.

Kabla hujashika brashi angalia kwanza picha iko kwenye hali gani. Ikiwa imeskaniwa kwa kijivu, programu inaiacha hivyohivyo, utachagua nyekundu utapaka weee itatoka kijivu tu. Kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, nenda Image, Mode, chagua RGB, yaani hali ya rangi. Photoshop njia ni hiyohiyo karibu. GIMP ni ya bure, kwa hiyo kama hela hakuna usihangaike na programu za wizi zinazokuja na virusi.

Halafu fungua leya mpya juu, leya ni kama karatasi angavu unayoilaza juu ya picha, usipake kwenye picha yenyewe jamani, na modi ya hiyo leya, yaani jinsi inavyochanganyika na picha ya chini, iwe Color, kwenye GIMP wanaiita HSL Color. Hiyo inachukua rangi yako lakini mwanga na kivuli inaviacha vya picha, ndo maana mikunjo ya kanga haipotei. Sasa shida iko hapa, pakiwa peupe pee au peusi tii rangi haishiki hata upake mpaka jioni. Na picha zilizopigwa nje jua la mchana la huku, nguo nyeupe imeungua yote, yaani imebaki weupe mtupu! Hapo badilisha modi iwe Multiply, au shusha kidogo weupe wa hiyo sehemu kwa Curves, kifaa cha kurekebisha mwanga, mpaka uwe kijivu cha mbali ndo upake. Peusi fanya kinyume, panyanyue kidogo.

Ukitoka nje ya mstari usifute na raba, weka maski, yaani kifuniko cha leya unachokipaka, nyeusi inaficha nyeupe inarudisha, ukibadili mawazo hakuna kilichopotea. Brashi iwe laini kidogo pembeni, picha za zamani zenyewe hazijakaza kwa hiyo ukingo mkali kama umekatwa na wembe unaonekana tu. Opasiti, yaani uzito wa leya, mi huwa naishusha mpaka kati ya asilimia 40 na 60, rangi ikipiga kelele sana inakuwa ya katuni.

Kuhusu rangi ipi, muulize mwenye picha, au shangazi yake anayekumbuka. Kijivu hakikwambii kitu, nyekundu na kijani zinaweza kutoka kijivu kilekile kabisa, tena kuna filamu za zamani zilikuwa haziioni nyekundu, inatoka karibu nyeusi. Kwa hiyo kitambaa cheusi kwenye picha kinaweza kuwa kilikuwa chekundu.

Kama picha ni ya rangi na unataka kinyume, mfano wacheza ngoma wa Kigogo wawe kijivu zibaki shanga tu, nakili leya, ya juu iondolee rangi, weka maski upake nyeusi kwenye shanga basi. Kwa simu Snapseed inaweza, ila kwa kidole vitu vidogo vinachosha, zumu sana.

Hifadhi faili la XCF (la GIMP) au PSD (la Photoshop) kwanza ndo utoe JPEG ya kutuma WhatsApp. JPEG inabananisha leya zote, na mteja atarudi tu, kaongea na shangazi, kumbe kanga ilikuwa ya njano.