Kabla ya kumfundisha uongozi, mfundishe kumkatalia tajiri

Alhamisi iliyopita, kabla ya adhana ya alfajiri, simu yangu iliita. Alikuwa binti niliyemfundisha mwaka juzi, sasa anapanga safari za malori kwenye yadi moja pale Uyole. "Shikamoo mwalimu. Nimekataa kusaini." Sauti inatetemeka.

Gari la saruji la kwenda Tunduma, mpakani na Zambia. Dereva kalalamika breki za nyuma hazishiki, tajiri anataka liondoke kabla foleni ya mpakani haijarefuka. Binti akamwambia: "Bosi, gari hili sisaini. Fundi aingie chini yake, akiniambia breki zipo, nasaini hapo hapo." Akatukanwa, akaambiwa arudi kwao Rungwe akauze ndizi. Saa mbili asubuhi fundi akafungua tairi: breki zimelika mpaka ribiti zinachora dramu.

Nililia, sioni aibu kusema. Maneno yale hakuyatunga alfajiri ile. Aliyasema darasani kwangu labda mara ishirini.

Nina miaka tisa nafundisha uongozi na maadili kwa vijana wanaosomea usafirishaji hapa Mbeya. Miwili ya kwanza nilifundisha kama nilivyofundishwa. Maadili ni nini? Taja sifa tano za kiongozi bora. Walipata alama 80, 90. Aliyeongoza darasa alikamatwa Igurusi ndani ya miezi sita, anauza dizeli ya tajiri kwa madumu.

Ikabidi nijiulize mimi mwenyewe nilikosa nini nilipokuwa na umri wao.

Mwaka 2004 nilikuwa utingo. Tulifika Uyole usiku na mzigo wa Tunduma, dereva wangu akapiga simu kwa tajiri: breki hazina nguvu, nalala hapa. Nilikuwa karibu, nikasikia jibu: "Tunduma kuna fundi." Dereva akanitazama. Alitaka niseme neno, wawili wakikataa si sawa na mmoja. Nikaangalia chini.

Mteremko wa Iwambi kuingia Mbalizi, anayeujua anaujua. Gia uliyopandia mlima ndiyo ya kushukia, na mzee alifanya hivyo, lakini mzigo ulitusukuma. Harufu ya breki zinazoungua haitoki puani mpaka leo. Dramu ikishapata moto, kadiri unavyokanyaga ndivyo inavyozidi kuteleza. Akalielekeza gari kwenye ukingo wa udongo ili asiwafikie watu wa chini. Mimi nilitoka na michubuko. Yeye alikatwa mguu.

Wiki iliyofuata niliitwa ofisini, nikapewa karatasi iliyokwisha andikwa: dereva alikuwa amelewa. Nikasaini. Nilipewa elfu hamsini na kazi nyingine.

Kwa hiyo mwalimu mwenzangu unayeniandikia kila muhula kuomba notisi: sina notisi za kukupa. Weka viti viwili. Kimoja akae tajiri, kingine akae dereva au mpanga safari. Tajiri apige kelele kweli, ataje ada ya mtoto, amwambie wako kumi getini wanangoja kazi yako. Mwanafunzi ajibu kwa sentensi mbili, bila matusi, na aseme atakubali kwa sharti gani. Akishindwa arudie. Kesho arudie tena. Hapana haitoki mdomoni siku ya kwanza, inazoeshwa kama gia.

Wengine wanasema siku hizi vyombo vinatosha. Basi lina kifaa cha LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, likizidi mwendo kinapiga kelele. Mizani inajua tani 56, kikomo cha lori kubwa pamoja na mzigo wake. Lakini mizani haijawahi kuuliza dereva alilala saa ngapi, na tangu mwaka 2023 mabasi yaruhusiwe kutembea usiku kucha, swali hilo limekuwa zito zaidi. Atakayeuliza ni binadamu mwenye kalamu. Huyo ndiye kiongozi, hata kama mshahara wake ni mdogo kuliko wote pale yadi.

Nanyi wenye vyuo, mnaolipunguza somo hili hadi saa moja kwa wiki kwa sababu "halina vifaa", mwogopeni Mungu. Mnamkabidhi kijana roho za watu sitini halafu mnamnyima muda wa kujifunza kukataa. Na wewe mwanafunzi, usijidanganye kwamba utakuwa mwadilifu ukishapata cheo. Ukiangalia chini ukiwa utingo, utaangalia chini ukiwa meneja.

Jumapili nilikwenda Mbalizi kwa yule mzee. Ana kibanda cha kuziba pancha, anafanya kazi ameketi. Nilimpelekea sukari na mchele, nikamsimulia habari za binti wa Uyole. Akaacha tairi alilolishika.

"Breki zilikutwaje?"

Nikamwambia.

"Na dereva?"

"Mzima, baba. Alilala Uyole."

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye tairi lake. Ile karatasi niliyosaini hajaniuliza hata siku moja, na mimi bado sijamwambia.