Sosi ya chupa na ya kuchanganya mwenyewe

Wapo wanaodhani sosi ya chupa yenye nyanya na pilipili pamoja ni tomato ya kawaida, yaani sosi ya nyanya, iliyotiwa pilipili tu. Hapana ndugu, sivyo. Geuza chupa usome: viungo huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kwanza. Kwenye za bei rahisi mara nyingi utakuta maji na sukari mbele, na wanga wa kuifanya iwe nzito. Mimi nachanganya mwenyewe: tomato nzuri, pilipili mbuzi iliyotwangwa na chumvi, kitunguu saumu, ndimu. Ukali unaupima wewe, na harufu ya pilipili mbichi huipati kwenye chupa hata siku moja. Ila ukishatia kitunguu saumu kibichi iweke kwenye friji, uimalize ndani ya siku tatu nne. Ya dukani inakaa sana kwa sababu ya siki na vihifadhi.