Jibu: Dublin Core au ISO 19115 kwa ramani za chuo?

Ndugu, umesema maktaba ya chuo chenu hapa Mombasa imekabidhiwa diski ya matabaka ya ramani kutoka idara mbalimbali, na kamati imekwama kati ya viwango viwili vya metadata (maelezo kuhusu data): Dublin Core, cha jumla, na ISO 19115, cha data za kijiografia. Chukueni ISO. Rekodi ya ISO huchujwa kirahisi ikawa Dublin Core kwa ajili ya katalogi ya maktaba. Kinyume chake hakiwezekani, maana vipengele 15 vya Dublin Core havina pahala maalumu pa datamu (msingi unaopimiwa viwianishi, yaani namba za mahali), kipimo cha ramani wala hatua zilizopitiwa kuitengeneza data. Lakini msijaze kila sehemu ya ISO, mtachoka mapema. Zinatosha hizi: kichwa, muhtasari, mtayarishaji, tarehe, mipaka ya eneo, mfumo wa viwianishi, mada, majina ya mahali, asili ya data, leseni na wa kuwasiliana naye.

Kazi iko kwenye mfumo wa viwianishi. Ramani nyingi za zamani za Kenya ziko kwenye Arc 1960, datamu ya zamani ya Afrika Mashariki. Kwa Pwani ni UTM (viwianishi vya mita, kanda kwa kanda) kanda ya 37 Kusini, EPSG:21037; EPSG ni orodha ya namba za mifumo ya viwianishi. Data za GPS ni WGS 84, yaani EPSG:4326, au 32737 zikiwa kwenye UTM. Shepufaili (tabaka la ramani lililogawanywa katika faili kadhaa) ikipoteza faili yake ya .prj, inayotaja mfumo wa viwianishi (na hupotea sana, watu hunakili .shp peke yake), namba za mifumo hiyo miwili ya UTM hufanana kwa macho. Iwekeeni ramani huria ya OpenStreetMap chini yake, mtazame kivuko cha Likoni. Gati la upande wa Likoni likiogelea majini, kama mita 300 kaskazini ya lilipo, basi hiyo ni Arc 1960 iliyodhaniwa kuwa WGS 84.

Hapo ndipo wengi huharibu. QGIS, programu ya ramani, ina amri mbili: moja hutaja tu mfumo ambao tabaka tayari limo, nyingine hukokotoa viwianishi vipya. Tabaka la Arc 1960 lisilo na .prj hutajiwa kwanza 21037, kisha ndipo ligeuzwe kama kuna haja. Ukianza kwa kugeuza, kosa linaokwa ndani ya namba zenyewe. Faili asili ibaki kama ilivyo, na ugeuzaji uandikwe kwenye asili ya data.

Mipaka ya eneo ipimwe na programu, isichapwe kwa mkono. Mombasa ni latitudo -4.05, longitudo 39.67. Ukizipindua, mji unahamia Hispania, karibu na Toledo. Ukisahau alama ya kutoa, uko Ethiopia, ng'ambo ya Moyale.

Tarehe ni tatu, zitenganisheni: ya hali inayoonyeshwa, ya kuchapishwa, na ya kuskaniwa. Zote kwa muundo wa 2019-08-24. Ramani ya miaka ya sitini iliyoskaniwa juzi ikipewa tarehe moja, anayetafuta data mpya ataipata hiyo.

Majina ya mahali yatoke kwenye orodha moja, GeoNames yafaa. Tabaka la sensa ya 1999 lina Mkoa wa Pwani na wilaya. La 2019 lina kaunti. Msibadilishe jina lililomo ndani ya data. Ongezeni la sasa kwenye maneno ya utafutaji: Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe, Jomvu. Safuwima nazo zahitaji maelezo, kwani shepufaili hukata majina kwenye herufi 10, na "IDADI_WATU_1999" na "IDADI_WATU_2019" huishia kugongana.

Leseni isiachwe wazi. Tabaka lililotokana na barabara za OpenStreetMap hubeba ODbL, leseni ya OpenStreetMap yenyewe, hata mwanafunzi akiandika leseni nyingine kama CC BY. Na nukta za GPS za nyumba za waliohojiwa zinaangukia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019: chapisheni rekodi ya metadata, data yenyewe itolewe kwa maombi, au ijumlishwe kwa wadi kwanza.