Nilijiuzulu Uongozi Kanisani Ili Nipate Muda wa Kusali

Juma lililopita nilipokea ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Mafinga, ambaye anafanya kazi katika ofisi ya biashara ya mbao, anaimba kwaya, ni katibu wa kamati ya ujenzi ya ushirika wake, na ana mtoto ambaye bado ananyonya. Aliniuliza jambo ambalo wengi wenu huniuliza kwa maneno tofauti: mtu afanye nini ili abaki karibu na Mungu wakati siku yake imejaa tangu alfajiri hadi usiku. Alitaja simu, alimtaja mwajiri wake, akataja hata kilio cha mtoto. Kwaya na kamati hakuzihesabu miongoni mwa mambo yanayomvuta mbali na Mungu, na hapo ndipo nilipoona kwamba jibu langu litamshtua.

Mimi hununua viazi Isyonje na katika vijiji vingine vya safu za Uporoto, nikavishusha Uyole, ambako malori ya Dar es Salaam huja kupakia. Mtu wa viazi hana saa za kazi. Mkulima atampigia usiku wa manane kumwambia kwamba mvua imekata njia, na dereva atampigia muda si mrefu baadaye kuuliza posho yake. Pamoja na hayo nilikuwa mzee wa kanisa, mtunza hazina, na mwenyekiti wa kamati ya mavuno. Juma langu lilikuwa kama gunia la lumbesa, lililojazwa kupita mdomo wake na bado likashonewa kilemba juu. Katika simu yangu yalikuwamo makundi ya WhatsApp ya wazee, ya wanaume, ya ujenzi na ya jumuiya, na kila moja lilianza siku kwa «Bwana Yesu asifiwe» kisha likaendelea moja kwa moja na mabati na saruji. Nilijua kwa majina ni nani hajamaliza ahadi yake, lakini Biblia nilikuwa nikiifungua tu ninapotafuta andiko la kufungulia kikao.

Nikajiuzulu nafasi zote tatu. Sitautaja ushirika wenyewe, kwa kuwa wengi walio pale ni watu wema, lakini nitasema yaliyonipata ili atakayenifuata asije akashangaa. Kwenye kikao cha wazee ilisemwa kwamba biashara imenimeza. Katika ibada moja ya jumuiya waliombewa «ndugu zetu waliopoa», na kila aliyekuwapo alijua anayeombewa ni nani, hata mke wangu aliyekuwa ameketi palepale. Watu niliowakopesha pesa za mbolea walianza kunisalimu kwa kuinua kidevu. Nimewasamehe, na ninasema hivyo kwa moyo mmoja, ingawa ningependa wajue kwamba tangu wakati huo ninasali kuliko wakati wowote nilipokuwa nikiketi kiti cha mbele.

Kujitengea saa ya kusali si jambo geni katika nchi yetu hii ya milima. Bibi yangu alilelewa karibu na misheni ya Rungwe, ambayo Wamoravian waliianzisha mwaka 1891, na alikuwa akitusimulia habari za Herrnhut, kijiji cha Wamoravian kule Ujerumani, kana kwamba alikuwapo. Mwaka 1727 waumini wa kijiji kile, wanaume 24 na wanawake 24, waligawana saa za mchana na usiku ili maombi yasikatike, na zamu hiyo ikaendelea kwa takribani miaka 100. Mwaka uliofuata ukaanza utaratibu wa kulipatia kila nyumba neno moja la Biblia la kuishi nalo kutwa nzima, na utaratibu huo upo hadi leo. Watu wale walikuwa mafundi na wakulima, nao walikuwa na kazi nyingi kama sisi. Bibi alipenda kusisitiza kwamba kila mmoja wao alikuwa na saa yake, wala hapakuwa na mtu wa kuijaza saa ile kikao.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba uwe na saa yako. Mimi huamka kabla nyumba haijaamka, nikaketi sebuleni na blanketi mabegani, kwa sababu baridi ya Uyole mwezi wa Julai haimhurumii mtu anayepiga magoti, na simu huwa nimeiacha jikoni imezimwa. Nasoma sura moja, naomba kwa kutaja majina ya watu, nanyamaza kidogo, basi. Zipo siku ambazo sisikii chochote moyoni na mawazo yananikimbilia kwenye bei ya gunia. Hata hivyo nabaki nimeketi mpaka saa yangu iishe. Ushauri wa pili unafanana na wa kwanza: ilinde saa hiyo. Danieli alikuwa mmoja wa wakubwa watatu waliowekwa juu ya maliwali 120, yaani ofisi kubwa kuliko yako na yangu, na bado alipiga magoti mara tatu kila siku, madirisha yake yakiwa wazi kuelekea Yerusalemu, hata baada ya mfalme kutia sahihi amri iliyokataza watu kumwomba yeyote isipokuwa yeye mfalme.

Wapo watakaonijibu kwamba kutumika ndiko kusali. Naheshimu imani yao, lakini naomba wasome tena habari za Martha katika Luka 10, ambazo sisi wanaume tumezoea kuwahubiria akina mama wa jikoni tu. Kazi iliyomhangaisha Martha ilikuwa utumishi kwa Yesu mwenyewe, aliyekuwa ameketi ndani ya nyumba yake. Ndugu yangu, ikiwa huduma aliyofanyiwa Bwana ana kwa ana iliweza kumzuia mtu asimsikilize, kamati yako ya viti vya plastiki itashindwaje? Acha kujidanganya kwamba uchovu wako wa Jumapili jioni ni utakatifu. Mungu hakuomba umalizike, wala hakukuagiza ushike vyeo vitatu wakati ushirika una vijana wasomi wanaokaa nyuma bila kazi.

Kwa hiyo, dada yangu, na wengine mlio katika hali kama yake, shikeni huduma moja mnayoweza kuifanya bila kununa, na nyingine ziachieni wengine. Mtakapoziacha, msiandike kwenye kundi la WhatsApp; nendeni kwa mchungaji nyumbani kwake, mkiwa wawili, na mseme kwa kinywa. Chagueni majira ambayo hakuna mavuno wala uchaguzi wa wazee. Kama mlishika fedha, kabidhini vitabu, stakabadhi na ufunguo wa sanduku mbele ya mashahidi, na mbaki na nakala iliyotiwa sahihi, kwa sababu maneno yatasemwa. Sababu itolewe mara moja tu, na atakayeuliza tena njiani ajibiwe kwa salamu.